Mwanamke Anayegusa Kuta

Kijiwe cha mtaa wa Keury Souf, mjini Rufisque, karibu na Dakar, ni benchi moja refu lililoegemezwa kwenye ghala la zamani la karanga. Karanga zenyewe ziliondoka kabla wakaa benchi hawajaota ndevu, wenye ghala wakazifuata, likabaki paa la matundu na popo. Alasiri, kivuli kikishageuka, Mama Daba huja na birika la kahawa ya Tuba, ile ya viungo inayowasha koo, na kuwakuta wazee watatu kila mtu pake. Laye Mbengue, kwa jina la kijiweni Redio, hukaa mwisho wa benchi ili aone barabara. Katikati ni Maguette Thiaw, wanayemwita Kadhi tangu aliposhindwa kesi ya kondoo dume akaendelea kuisimulia kana kwamba alishinda. Wa tatu ni Birame Ndir, fundi cherehani mstaafu. Huyo ni Sindano: hasemi sana, ila akisema huchoma.

Siku hiyo maneno yalikuwa ya yule mwanamke. Alikuwa mtu mzima wa makamo, kitambaa cha buluu kichwani, raba nyeupe miguuni, na kwa wiki mbili sasa hapakuwa na alasiri asiyopita. Hakuwa na kapu wala haraka. Akifika kwenye nyumba kuukuu husimama, akaangalia roshani, kisha huweka kiganja ukutani na kukiacha hapo, kama anayempima mtoto homa. Halafu huyo, nyumba inayofuata.

— Yule ni jicho la tajiri, Redio alisema. Kuna mkubwa mmoja Dakar anataka mitaa yote hii, abomoe, asimamishe hoteli. Huyo katumwa kuchagua.

— Hoteli hapa? Walale kina nani, mbu? Kadhi akamkata. We hujui kitu. Wafanyabiashara wa zamani walipoondoka walipachika fedha ndani ya kuta. Yule anasikiliza ukuta upi una uwazi. Wahenga walishasema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Hiyo inahusiana vipi na fedha?

— Inahusiana na kuta. Akizichovya hivyo kila siku zitaisha.

Mama Daba, huku anamimina, alisema labda mama wa watu anatembea tu. Wakamtazama kwa huruma.

— Mtu hatembei tu, Mama Daba, Kadhi alimfundisha. Mtu anatembea kwenda mahali.

— Mtembea bure si sawa na mkaa bure, Mama Daba akajibu, akasogea na birika lake.

Neno hilo waliliacha lipite. Redio aliinama akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna jingine hakutaka kulitoa mapema. Je, kuna aliyewahi kuiona miguu yake? Raba zile hazivuliwi. Nyumba zisizokaliwa zina wenyewe, na wenyewe hao hawana nyayo kama zetu. Kadhi alitaka kumcheka, lakini akavuta miguu yake chini ya benchi. Akasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu wiki mbili hajapewa hata koleo. Lazima mtu amfuate.

— Nitamfuata mimi, Birame alisema.

Walishangaa, maana Birame hata msikitini alikuwa akienda kwa njia fupi. Lakini kwake yeye jambo hili halikuwa mzaha wa kijiweni. Nyumba anayokaa, ile ya ghorofa yenye roshani ya mbao kwenye kichochoro cha nyuma, mtaa mzima uliijua kuwa ya kina Ndir. Babu yake aliinunua, ndivyo Birame alivyozoea kusema. Sivyo alivyoambiwa na baba yake siku baba alipokuwa anakata roho. Babu alikuwa bawabu wa mfanyabiashara. Tajiri alipofunga duka alimwachia funguo, akamwambia kaa hapa mpaka turudi. Hakurudi mtu. Babu alikaa, baba akakaa, na sasa Birame anakaa, pamoja na mke, mabinti wawili na wajukuu. “Siku watakapokuja hawatabisha hodi,” baba alimwambia. “Utaona mtu amesimama nje, mkono ukutani.”

Kesho yake alimfuata kuanzia sokoni, akijificha nyuma ya meza za samaki wakavu. Hakufika mbali. Penye mfereji mkubwa mwanamke aligeuka akamngoja.

— Mjomba, tangu sokoni uko nyuma yangu. Njoo tutembee sambamba, shingo isiniume kwa kugeuka.

Aliitwa Arame Samb. Birame aliona aibu, na ndani ya aibu hiyo akapata hila. Anayeongozwa haendi anakotaka, huenda anakopelekwa. Akajitia mwenyeji mkarimu, akasema mji huu ukitembea peke yako hauoni kitu, yeye atamwonyesha. Akampeleka upande wa pili kabisa.

Ndivyo ilivyokuwa alasiri nyingi zilizofuata. Alimpitisha kwenye reli nyembamba zilizozikwa na mchanga, ambako zamani wapagazi walisukuma vigari vya karanga hadi gatini, na nguzo za chuma za gati lenyewe, zilizobaki majini kama meno ya mwisho ya mzee. Alimwonyesha milango ambayo juu yake majina ya maduka yamefifia. Pale alipojua alisema anachojua. Pale asipojua alitunga, ili mradi wachelewe. Mtaa mmoja aliuzulia vita vizima. Cha ajabu, kadiri alivyotunga ndivyo alivyokumbuka ya kweli: mama aliyeuza maandazi kwenye lile dirisha, kamba aliyoishika mara ya kwanza alipofundishwa kuogelea. Siku nyingine alijikuta anasimama kuangalia roshani kabla ya Arame.

Lakini wasiwasi haukumtoka. Arame akiuliza nani alikaa hapa, Birame alisikia nani anakaa kwako. Alimuuliza kwa mzunguko ukoo wake ni upi, wazazi walifanya biashara gani. Arame alijibu kuwa kwao ni watu wa bahari, akasogea kwenye ukuta unaofuata. Kila jioni njia ya kurudi ilikata karibu na kile kichochoro cha nyuma, na kila jioni Birame alikumbuka kitu upande mwingine, wakakizunguka kichochoro.

Kijiweni nako maneno yakageuka. Redio alitangaza kwamba Sindano kanunuliwa.

— Nilisema tangu mwanzo, Kadhi akaongeza, ingawa hakuwa amesema. Kikulacho ki nguoni mwako. Na huyu ni fundi nguo.

Waliuliza hoteli itakuwa na ghorofa ngapi, na kama yeye atapewa ubawabu. Neno lile, bawabu, Redio alilitupa kwa mzaha tu, lakini Birame aliweka kikombe chini akaenda nyumbani mapema. Akasimama nje kuutazama ukuta, akakagua kama kuna alama ya kiganja.

Kisha ikaja alasiri ambayo Arame hakupita. Alikuja mpaka benchini, akasalimia, akaulizia habari za nyumbani kwa kila mmoja kama mtu aliyelelewa, akanunua kahawa. Kadhi alikohoa, akavaa ukadhi wake.

— Bibie, sisi hapa hatupendi kumpekua mtu. Ila umetumwa na nani?

— Sijatumwa.

— Basi kuta zetu unazigusia nini?

Arame alipuliza kahawa. Alisema yeye ni wa Thiawlène, kule ufukweni. Nyumba yao ilikuwa na vyumba saba na ukuta uliojengwa na babu yake. Bahari ilianza na ukuta. Mwaka uliofuata ikachukua jiko, halafu chumba cha mama yake, na mwisho wakahamia kupanga Dakar wakaiacha imalize. Mwaka huu amerudi kufundisha shule ya watoto wa hapa. Akitoka kazini huwa anapita kuangalia kilichosimama. Kuta za zamani zimetiwa chokaa ya makombe ya baharini, kama wao walivyokuwa nayo, na jioni huwa na joto. Anapenda kuzishika. Basi.

Redio alitazama miguu yake mwenyewe. Kadhi alitafuta methali, hakupata.

— Mjomba Birame amenionyesha mji wote, Arame aliendelea, na Mungu amlipe. Kuna kichochoro kimoja tu, hicho cha nyuma hapo. Tunakizunguka kila siku. Nimekuja kuwauliza nyinyi, huenda yeye kuna jambo linamuuma: kwa nini hatupiti?

Redio na Kadhi walijua kilichoko huko: ni kwa Sindano, wamekula wali wa samaki kwenye ua ule miaka yote. Wakamgeukia, na mara ile kwa kweli hawakuwa na nadharia. Mama Daba alitikisa birika, akasema kahawa imekwisha.

Birame alisimama. Alisema huko ndiko anakokaa. Hakusema ni kwake, na Kadhi, ambaye maneno ya umiliki yalishamtesa mahakamani, aliinua macho.

Waliongozana wawili. Mbele ya nyumba Arame hakunyoosha mkono, alingoja. Birame akamwambia aguse tu. Kiganja kikakaa ukutani, na Birame akasimama kando, akisubiri lile aliloliogopa tangu baba yake afe. Ndani mjukuu alikuwa analia, mtu anatwanga kitu. Basi.

— Ni nyumba ya nani? Arame aliuliza.

— Sijui jina lao. Walisema watarudi.

— Lini?

— Babu yangu alikuwa kijana.

Arame hakucheka. Alipoondoa mkono, kipande cha chokaa kilitoka nacho, kikubwa kama mkate. Alishtuka, akakitafutia pa kukirudisha. Birame alikichukua mkononi mwake. Nyumba ile alikuwa hajawahi kuipiga hata lipu ya kiraka. Roshani ilioza akiiangalia, ngazi ilipoteza vidato, mke wake akasema mpaka akachoka, naye jibu lake lilikuwa moja, ambalo hakulitoa: hutengenezi cha watu.

— Kiache, alisema. Mvua zikipita namwita mwashi. Unajua wapi wanauza makombe ya kuchoma chokaa?

Arame alisema anajua, kwao Thiawlène bado wanayaokota. Ila ni mbali kidogo kwa miguu.

— Twende, Birame alisema, akamwita mkewe dirishani amwambie wasimngoje mapema.