Sindano, Fundi Aliyeshonwa Kifuani

Ndugu, jamaa na marafiki, mke wangu, ambaye wengi wenu mlimwita Sindano, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, kitinda mimba wa seremala na mkunga, akasoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu ushonaji mwaka 1988, na mwaka uliofuata akafungua duka lake mkabala na kituo cha reli. Tulifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1993, mimi nikiwa mhadhiri kijana niliyekwenda kupunguziwa suruali, tukajaliwa binti mmoja, ambaye ameketi hapa mbele.

Mwaka 2014, picha ya kifua iliyopigwa kwa sababu ya kikohozi, na vipimo vilivyofuata, vilionyesha kwamba aota, ule mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo, imetanuka karibu mara mbili ya kawaida, bila maumivu yoyote, na kwamba ukuta uliotanuka hivyo unaweza kupasuka. Aliposikia sehemu hiyo itakatwa na kushonewa bomba la kitambaa, macho yalimng'aa, akaomba kulishika, akalivuta, akaligeuza, akamuuliza daktari mpasuaji, "Na pindo lake mnalifungaje?", daktari akacheka mpaka akaketi, na dada zake walipoanza kulia, akawaambia, "Jamani, nguo imenipwaya, naenda kupunguziwa tu."

Upasuaji ulifaulu, akarudi dukani mzima, akameza dawa za shinikizo la damu bila kukosa, akamsumbua kila ndugu wa damu akapimwe, kwa kuwa ugonjwa huu hutembea katika ukoo, na mgumu kuliko wote alikuwa binti yetu, hadi Aprili mwaka huu alipokubali, akakutwa na mtanuko ule ule, akapasuliwa salama, mama yake akaukagua mshono kwa tochi ya simu, akatangaza wodi nzima isikie, "Huyu fundi namkubali!"

Tarehe 2 Juni, sehemu ya chini ya aota yake mwenyewe, iliyokuwa ikifuatiliwa, ilipasuka, akafariki njiani kwenda hospitali.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na mafundi wenzake waliofunga maduka leo. Wapwa wake wawili ambao bado hamjapimwa, binti yetu atawapitia Jumatatu asubuhi, gari ameshaazima, na udhuru hapokei, amemrithi mama yake hata kwa hilo.

Mke wangu, mtoto yu mzima, nimemsikia akipanda ngazi bila kuhema. Pumzika kwa amani, fundi.