Upande wa Nyuma wa Picha Namba Kumi na Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Afisa Utamaduni, waheshimiwa mashehe na mapadre mliotangulia kutuombea dua, Mwalimu wetu Eusebio, Mwenyekiti wa Chama cha Wachoraji wa Rangi za Maji wa Lindi na Kilwa, wanachama wenzangu, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Na wazee wangu mliokaa safu ya mbele, shikamooni.

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama na kutukutanisha katika ukumbi huu wa hapa Lindi, kwa maonyesho ya tano ya chama chetu. Kwa wasionifahamu, naitwa Salima. Ni katibu wa chama, na siku nyingine zote ni muuza chai na chapati pale stendi ya Nangurukuru. Shule yangu iliishia darasa la saba. Kwa hiyo nikikosea cheo cha mtu, mwenye cheo anisamehe bure, maana hilo litakuwa kosa dogo. Kosa kubwa nimelileta mwenyewe, na nitalisema kabla sijakaa.

Kwanza nitoe taarifa, kama katiba yetu inavyotaka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chama hiki kilianza na watu saba na boksi moja la rangi, ambalo Mwalimu Eusebio alilitoa kabatini kwake siku alipostaafu ualimu. Leo tuko thelathini na mmoja. Wamo wakulima, wamo mafundi, yumo muuguzi, na tunaye bwana mmoja dereva wa lori ambaye huchora tu pale gari linapoharibika, na tunamshukuru Mungu kwamba gari lenyewe ni bovu. Tunakutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mara Kilwa Masoko, mara hapa Lindi. Mwaka huu tumefundisha watoto wa darasa la tano katika shule mbili, na tumefanya safari moja ya kuchora, kule Kilangala.

Safari ile nayo ina habari yake. Tuliposhuka na mbao zetu, karatasi na vikopo vya maji, wanakijiji walituangalia kwa mashaka makubwa. Watu wageni, wamesimama shambani, wanafumba jicho moja na kunyoosha penseli mbele ya uso! Mzee mmoja, Mzee Likwata, akanifuata mimi moja kwa moja. "Mama, mnapima nini? Hili shamba halina mgogoro."

"Hatupimi, baba. Tunachora tu."

"Mnachora mnampelekea nani?"

"Hatumpelekei mtu. Tunachora kwa sababu ni pazuri."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mwongo. Kisha akavuta kigoda, akakaa pembeni yangu mpaka adhuhuri. "Basi nichoree mikorosho yote," akasema, "usipunguze hata mmoja. Mwaka ule walipokuja wale wengine wa kupima walinipunguzia minne." Nikaichora yote, Mheshimiwa. Picha haina uzuri wowote, ni mikorosho imejaa kama abiria, lakini Mzee Likwata aliihesabu kwa kidole na akaridhika. Ipo ukutani. Kwa kuwa leo kuna serikali humu ndani, nimeahidi kusema mbele yako kwamba idadi ni sahihi.

Nawaona mnacheka, na mimi nafurahi. Lakini naombeni sasa mnitulizie kidogo.

Chama chetu kina desturi moja ambayo huenda haipo pengine. Karatasi za rangi za maji ni nene, si hizi za kuandikia, na hapa kwetu haziuzwi. Zinatoka Dar es Salaam kwa basi, na mimi ndiye ninayezipokea Nangurukuru. Kwa kuwa ni adimu, hatutupi karatasi. Mtu akichora picha isimpendeze, anaiweka kwenye kapu, na mwenzake anaweza kutumia upande wa pili ulio safi. Ila kuna sharti. Lazima umfuate mwenyewe umuulize, "Umeiacha?" Naye lazima ajibu kwa mdomo wake, "Nimeiacha." Akikaa kimya, hujaruhusiwa. Akiwa safarini, unasubiri arudi. Sharti hili halikutoka kwa Mwalimu. Lilitoka kwa mwanachama mwenzetu, marehemu dada Anjelina wa Kitomanga, kwa sababu, alisema, mtu anaweza kuichukia picha yake jioni na kuipenda asubuhi.

Wengi wenu mlimjua dada Anjelina. Alikuwa mkulima, alinizidi miaka kumi na miwili, na alikuwa akinichokoza tangu naingia mlangoni mpaka natoka. "Mmatumbi gani huyu," angesema, "amezaliwa milimani, lakini milima anaichora kama chapati!" Nami nilimjibu kwamba chapati angalau zinaliwa, mihogo yake aliyochora hata mbuzi hawezi kuisogelea. Yeye alikwenda kanisani, mimi nilikwenda msikitini, na kwenye benchi la kuchorea tulikaa bega kwa bega miaka minne.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, mvua ya upepo ilipiga ikaingia dirishani wakati tumekwenda kunywa chai. Aliyekuwa karibu akakusanya karatasi zote za mezani akazitia kwenye kapu zisilowe. Ya dada Anjelina ilikuwa mojawapo. Wiki ileile akaugua, akalazwa.

Mwezi wa nne mvua zilikata barabara, mabasi hayakufika, na mimi sikuwa na karatasi. Nikapekua kapu. Nikaiona ya dada Anjelina: uwanja wa nyumba kule Kitomanga, udongo mwekundu, mikorosho, mafiga matatu na moshi. Katikati palikuwa na pengo jeupe lenye umbo la kengele, na juu ya pengo duara dogo la kahawia ambalo nilidhani ni chungu. Nikasema moyoni, hii ameshindwa kuimalizia. Mwenyewe yuko wodini, nitamsumbua kwa karatasi? Nikaichukua. Sikumuuliza.

Niwaambie na jambo lingine ambalo sijamwambia mtu. Mwalimu ametufundisha tuiloweshe karatasi nzima kabla ya kuchora, ili isijikunje. Siku ile sikuilowesha. Niliibana kwenye ubao kwa vibanio vya nguo, nikachora kwa maji machache, kwa uangalifu, ili upande wa chini usidhurike. Kama kweli niliamini kwamba picha ile imeachwa, nilikuwa nailinda ya nini?

Nikachora stendi ya Nangurukuru asubuhi. Abiria wanashuka kwenye basi, mvuke wa chai, wachuuzi wa korosho wamenyoosha mikono madirishani. Wenzangu wakaisifu kuliko kazi yangu yoyote. Mwalimu mwenyewe, ambaye hasifu ovyo, alisema, "Salima, leo umeona." Neno hilo nililisubiri miaka minne.

Siku mbili baadaye nikaenda hospitali kumtazama dada. Alikuwa amepungua sana, lakini ulimi ule ule. Akaniuliza, "Mmatumbi, ile karatasi yangu mmeiweka wapi? Ile ya Lusia?"

Nikasema, "Ipo, dada. Nimekutunzia."

"Usimpe mtu. Nimebakiza macho tu."

"Macho ya nani?"

"Ya Lusia, jamani! Siku ya Komunyo yake ya Kwanza, alipokuwa mdogo, amesimama uwanjani kwetu na lile gauni jeupe. Mpiga picha tulimlipa hakutokea, mtoto akalia mpaka akatia gauni tope. Mimi nimemchora kabla ya tope." Akacheka, kisha akakohoa. "Gauni nimeliacha wazi, si unajua? Nimelizunguka kwa brashi wiki mbili, lisiguswe."

Nikajibu, "Najua, dada."

Sikujua. Mheshimiwa, ndugu zangu, katika boksi la rangi za maji Mwalimu haturuhusu rangi nyeupe. Nyeupe ni karatasi yenyewe. Unachotaka kiwe cheupe, unakizunguka, hukigusi. Hilo ndilo somo letu la kwanza, mtoto wa darasa la tano tunamfundisha hilo siku ya kwanza. Nami katibu, mwenye miaka minne kwenye benchi, nilitazama gauni la mtoto lililoachwa kwa mapenzi na subira ya wiki mbili, nikaona kazi iliyoshindikana. Niseme kwamba mimi ni Muislamu, sikulijua vazi lile? Ni kweli sikulijua. Lakini mdomo ninao, na aliyelijua alikuwa hai.

Pale kitandani ningeweza kusema. Karatasi ilikuwa haijaingia hata kwenye fremu. Lakini masikioni mwangu lilikuwa linalia lile neno la Mwalimu, umeona, umeona, na nilijua nikisema nitakuwa nimelirudisha. Nikamshika mkono dada yangu, nikanyamaza. Mwezi wa sita Mungu akamchukua.

Baada ya arobaini, binti yake Lusia alinifuata stendi. Lusia ni fundi cherehani hapa Lindi, na yumo humu ukumbini. Akaniambia, "Mama mdogo, mama alisema kuna picha amenichorea, na wewe ndiye uliyeitunza. Sina picha yoyote ya siku ile." Nikamjibu, "Nitaangalia kwenye kapu, mwanangu."

Akaja kuangalia mwenyewe. Mara mbili. Alipiga magoti kwenye chumba chetu, akatoa karatasi moja moja, akazigeuza mbele na nyuma. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni nikimtazama, na picha aliyokuwa anaitafuta ilikuwa ukutani juu ya kichwa chake, ndani ya fremu, upande wangu ukiwa nje na upande wa mama yake umegeuzwa ukutani. Mara zote mbili alinishukuru kwa kumfungulia mlango.

Nilisali, sikatai. Niliswali na nikaomba msamaha kwa Mola. Lakini kila nikiinua mikono, naona magoti ya yule binti sakafuni. Nikafahamu kwamba nilikuwa namwomba Mungu anisamehe deni la mtu mwingine, wakati anayenidai yupo, anatembea, na nyumba yake naijua.

Mwezi uliopita kamati ikapitisha kwamba picha namba kumi na nne, Stendi ya Nangurukuru, ndiyo atakayokabidhiwa Mgeni Rasmi leo, itundikwe ofisini kwake. Mimi katibu ndiye niliyeandika muhtasari. Niliandika kila neno, nikatia sahihi. Jumatano hii nikashindwa. Nikamwendea Mwalimu nyumbani, nikamweleza yote.

Nikasema, "Mwalimu, nisaidie. Mweleze Lusia wewe, atakusikiliza."

Akasema, "Mimi nilikusifu wewe, au nilimsifu mtu mwingine?"

"Mimi, Mwalimu."

"Mbele za watu, au chumbani?"

"Mbele za watu."

"Basi unaijua njia." Kisha akaniongezea chai.

Ndiyo maana nimesimama hapa. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, zawadi yako ipo, usihofu. Kamati imekuandalia kazi ya ndugu yetu Dominick, bonde la Kilangala wakati wa mvua, na kwa haki ni nzuri kuliko yangu. Nimekabidhi pia barua ya kuacha ukatibu. Wanachama wataamua. Kuchora nitaendelea, kama mtanipa nafasi kwenye benchi, mwisho kabisa, karibu na mlango.

Na sasa wewe Lusia, mwanangu. Nimekuita leo bila kukwambia ninachokuitia, na hilo nalo unisamehe. Asubuhi fundi Ismael aling'oa misumari, akaifungua fremu. Picha imefungwa kwenye kitambaa safi, anayo Mwalimu pale mezani, na tangu sasa hivi ni mali yako. Haikudhurika. Gauni ni jeupe kama mama yako alivyoliacha. Macho hakuwahi kuyatia, na namwomba mtu yeyote wa chama hiki, hata kwa nia njema, asijitolee kuyamalizia. Upande wa pili utakuta stendi yangu. Ukiitundika, igeuzie ukutani.

Sikuombi useme neno lolote hapa. Mbele ya wakubwa na wageni mtu husamehe kwa haya, na msamaha wa haya nisingependa kuupokea. Ukitaka kunijia, Nangurukuru unapajua. Ukikaa mwaka bila kuja, nitajua una haki. Ukija na maneno makali, nitakuvutia benchi uyaseme umekaa.

Wenzangu, sina nasaha kubwa ya kuwapa, mimi si wa kuwapa watu nasaha leo. Nawaomba tu, kabla hamjagusa karatasi ya mtu, mumfuate alipo. Hata kama yuko wodini, hata kama unaona aibu kumsumbua kwa jambo dogo. Huenda hilo dogo ndilo alilobakiza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya maneno haya, kwa heshima kubwa nakukaribisha ukate utepe na uzunguke ukumbi. Utaiona mikorosho ya Mzee Likwata, utaona kazi za watoto, utaona mengi ya kukufurahisha. Ukifika kati ya namba kumi na tatu na kumi na tano, utakuta msumari mtupu. Tafadhali usidhani picha imeanguka. Imekwenda kwao.

Mungu awabariki, na asanteni sana kwa kunivumilia na kunisikiliza mpaka mwisho.