Maharage ya Msiba wa Pelagia

Mwangaluka, wasikilizaji wapendwa. Ni bibi yenu Adelina, niko kwenye kiti changu kile kile kinacholia. Kama umeinjika kitu jikoni, punguza moto kidogo, usogee.

Leo tunamkumbuka Pelagia Mhoja, wa kijiji kimoja huku Uyui, jirani na Isikizya. Pelagia, mbeba maji ya matofali. Pelagia, mpishi wa shughuli. Tumemzika Jumamosi. Nilikuwepo, na nimerudi mjini na aibu ambayo si ya mtu mmoja.

Nianze na maji. Kijijini kwao vijana wanafyatua matofali, na matofali yamewafaa, tusiseme uongo. Nyumba za nyasi zimepungua. Pikipiki zimenunuliwa. Lakini udongo haukandwi bila maji, na maji wanabeba wanawake. Pelagia alipofiwa na mume alishika ndoo. Kisimani, shimoni. Kisimani, shimoni. Kwa ndoo hiyo alimsomesha binti yake, Advera, mpaka akawa mwalimu.

Na penye harusi, ubatizo au msiba, mafiga yalikuwa yake. Alipika wali wa watu wengi huku anaimba nyimbo za kwaya vibaya kabisa.

"Mama alionja mchuzi kwa kiganja," Advera aliniambia. "Kijiko hakukitaka. Alisema kijiko kinadanganya."

Sasa sikilizeni. Kijiji kiliamua kuchoma matofali ya chumba cha wajawazito, pale zahanati. Fundi wa tanuru alikuwa Mzee Ngollo, mdogo wake marehemu mume wa Pelagia. Na kijijini hapo kuna mwiko: tanuru likishawashwa, mwanamke asipite karibu, ati matofali hayataiva.

Pelagia alipita. Mwiko aliujua. Ila njia yake ya kisimani ilikuwa imechimbwa udongo, imebaki mashimo, maji yametuama humo tangu mvua, na vyura na mbu. Njia iliyobaki ilipita ubavuni mwa tanuru. Akapita na ndoo kichwani, macho chini.

Tanuru lilipofunguliwa, matofali yalikuwa meusi kwa nje, mabichi kwa ndani. Mvua ya kwanza ikayarudisha kuwa tope. Chumba hakikujengwa. Hadi leo wajawazito wanapakiwa kwenye pikipiki kuletwa Tabora mjini. Na kijiji kizima kikauliza swali moja: nani kapita?

Maji ya matofali yale aliyabeba yeye, wapendwa. Alipokuwa anayabeba, hakuna aliyemwambia ana mkosi.

Tangu hapo Pelagia hakuruhusiwa kusogelea moto. Kwenye shughuli alipewa kuchambua mchele, kule upande wa pili wa ua. Akienda kuomba kaa la moto, jirani yake Mwanajuma anawahi kufunika sufuria.

"Ishia hapo hapo, mama Advera! Maharage yangu hayajaiva, utawalaza wanangu na njaa!"

Watu wanacheka. Pelagia naye anacheka kidogo, anarudi na kigae chake kitupu.

Na Mzee Ngollo alijua. Kuni kavu zilikuwa zimekwisha, miti ya karibu yote ilishaingia matanuruni. Basi aliangusha miembe ya kandokando ya ile njia ya zamani ya misafara, akaipakia tanuruni ikiwa bado inatoa utomvu. Haikuwaka, ilifuka. Alijua, akalinda jina lake la fundi. Akamwacha shemeji yake aubebe mzigo.

Kila Pasaka Pelagia alimfuata. Advera alisikia kwa masikio yake.

"Shemeji, niliona magogo yako yanatoka povu. Sema tu. Sitaki kingine. Nataka nirudi kwenye mafiga."

"Nitasema, shemeji. Ngoja watu wapoe."

Mwaka uliofuata: "Ngoja tuvune." Mwaka mwingine: "Ngoja uchaguzi upite." Pelagia akangoja. Kisha akaugua kifua, hakuamka tena.

Jumamosi hiyo Mwanajuma ndiye aliyesimamia sufuria la msiba. Maharage yaliinjikwa asubuhi. Tukasali, bado. Tukaenda kuzika, tukarudi, bado. Moshi umejaa ua mzima, watu wanapangusa macho, hujui nani analia na nani kafukizwa. Mwanajuma akatoa harage moja, akalibonyeza. Likamponyoka vidoleni, likaruka.

Advera alikuwa amekaa mkekani. Akauliza polepole, kama anayeulizia chumvi:

"Leo kapita nani?"

Mwanajuma alikuwa na mfuniko mkononi, akauweka chini. Nilimwona anautazama kama kitu cha wizi.

Mzee Ngollo akanyanyuka. Akaenda mafigani, akavuta ukuni mmoja, akatuonyesha ncha yake. Ilikuwa inatoka povu.

"Mwembe," akasema. "Mbichi. Kama ile yangu ya kwenye tanuru. Shemeji yangu hakuharibu kitu."

Alisema kwa sauti ndogo. Walioko nyuma wakaulizana, "Kasemaje?" Ikabidi arudie.

"Asante, baba mdogo," Advera akamjibu. "Lakini si sisi tuliokuwa tunangoja. Kaburi liko pale. Kamwambie."

Akaenda. Tulimwona amesimama kwenye udongo mbichi, kofia mkononi, midomo inacheza. Chakula tulikula jua likizama, na hakuna aliyesifia maharage.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Advera na ukoo wote wa Mhoja, poleni sana. Mungu ampumzishe Pelagia mahali penye moto mzuri na sufuria kubwa. Ninyi wenye matanuru, fukieni mashimo yenu, pandeni miti kabla ya kukata mingine. Na wewe uliyesogea kunisikiliza, rudi sasa jikoni kwako. Maharage yakikataa kuiva, tazama kuni. Na kama kuna mtu ulimweka upande wa pili wa ua, mwite asogee motoni angali anasikia.