Bia Namba Saba ya Mzee Ipolitas Jukna

Msibadilishe stesheni. Nawajua. Jina la Ipolitas Jukna likitajwa, kila mmoja anakumbuka ghafla kwamba kuna sufuria jikoni, au kuku hawajalishwa. Hata alipokuwa hai mlikuwa hivyo hivyo. Alibisha hodi kwenu, mkamwangalia viatu badala ya uso, mkamtilia chai, mkazungumzia mvua. Leo mtakaa, na mimi nitakaa pamoja nanyi, kwa sababu nimo.

Wasikilizaji wapendwa, mzee Ipolitas Jukna wa kijiji cha Užubaliai amefariki. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Ameacha mke, Apolonija, na binti mmoja, Virgilija, ambaye ni muuguzi. Tulimzika wiki mbili na nusu zilizopita. Misa yake ya wiki nne ni Jumapili ya wiki ijayo. Narudia: Jumapili ya wiki ijayo. Shikeni siku hiyo, tutaihitaji.

Ipolitas alikuwa fundi wa matrekta kwenye kolkhozi, lile shamba la pamoja la serikali, na kolkhozi ilipovunjwa aliendelea kuyatengeneza matrekta yale yale, ila sasa yalikuwa na wenyewe. Hiyo ilikuwa kazi yake. Bia haikuwa kazi. Bia alipika kwa sababu mama yake alipika, na hakuna harusi, ubatizo wala msiba kutoka kwao hadi mtoni uliofanyika bila pipa lake. Alipika ile bia ya tanurini. Kimea cha shayiri kinakandwa na maji moto kama unga wa mkate, kinaingia tanurini mikate ikishatoka, kinakaa humo mpaka ganda linakuwa jeusi. Ukiinywa unasikia ganda la mkate, moshi kidogo, na kitu kama asali ambayo mtu ameificha.

Kitu hicho kilikuwa hamira. Hamira ya nyumba ya Jukna ilikuwa ya bibi yake, na kabla ya bibi yake hakuna anayejua. Na hamira, kwetu huku, haiuzwi. Ukipewa husemi asante, maana ukishashukuru umelimaliza jambo, na jambo la hamira halimalizwi. Unapika, kisha unamrudishia aliyekupa kikombe cha hamira mpya iliyozaliwa kwako. Ya kwake ikifa, anajua mlango wa kubisha. Hivyo ndivyo nyumba thelathini zilivyoishi na hamira moja, mpaka nyingine zote zikaacha kupika na hamira ikabaki kwa Jukna peke yake.

Mwaka sabini na nne walikuja wakaguzi kutoka wilayani kutafuta pombe haramu. Walipindua banda na kufungua stoo. Apolonija alikuwa amelitia gudulia la hamira kwenye kitanda cha mtoto, chini ya godoro, na Virgilija wa miezi minne amelala juu yake. Mkaguzi mmoja aliinama, akanusa.

"Mama, huyu mtoto wako ananuka bia."

"Kamfuata baba yake," alisema Apolonija.

Mkaguzi alicheka mpaka akasahau alichokuja kutafuta. Virgilija ana miaka hamsini kasoro kidogo, na mpaka leo wauguzi wenzake wanamnusa kwenye sherehe.

Basi zikaja zama za vijana wa mjini na klabu yao ya kuonja, Klabu ya Jumatano, pale kwenye kiwanda cha zamani cha maziwa. Mnawajua. Wengine ndio nyinyi. Walipika majumbani mwao kwenye masufuria ya supu, bia yenye kahawa, bia yenye cheri, bia yenye machipukizi ya misonobari, kisha kila Jumatano wakakutana na vibilauri vidogo, mkate mweusi na njegere za kuchemsha, wakaonjeshana na kuambizana ukweli. Mwenyekiti wao ni Tautvydas Stapulionis, fundi wa kompyuta. Yeye ndiye aliyekwenda Užubaliai kumtafuta mzee, na mzee akaja.

Alipenda, wasikilizaji. Msije mkaambiwa kwamba alikuwa mzee aliyechukia vya kisasa. Alikaa karibu na dirisha ili aione rangi vizuri. Kijana mmoja alimwambia bia hii inanukia chungwa, yeye akajibu kwamba akitaka chungwa anamenya chungwa, kisha akasogeza kibilauri aongezwe. Apolonija anasema Jumatano alikuwa ananyoa ndevu mara mbili. Miaka yote hiyo alikuwa anapika kwa ajili ya watu wanaokunywa na kuimba. Hapa alipata watu wanaokunywa na kuuliza. Aligawa hamira yake kwa watu kumi na wanne wa klabu ile. Kumi na wanne. Hakuna aliyesema asante, kama inavyotakiwa.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo tulipokosea.

Miaka mitano iliyopita klabu ilifanya shindano la wazi, uwanja mzima umejaa. Majaji sita walionja bila kujua bia ni ya nani, mapipa yana namba tu, bia inatoka kwenye mirija ya kukodi. Pipa la mzee lilikuwa namba saba. Majaji walionja namba saba, wakatazamana, mmoja akatema. Waliandika: siki. Waliandika: inanuka mpira. Waliandika: hamira imeoza. Kituo hiki kilikuwa kinatangaza moja kwa moja, na mtangazaji aliyasoma maneno hayo kwa madoido, akaongeza utani wake kwamba namba saba inafaa kuoshea madirisha. Uwanja ulicheka. Sauti iliyosoma ni hii mnayoisikia.

Namba zilipofunuliwa, mzee Ipolitas alikuwa amesimama mstari wa mbele, amevaa koti lake la kanisani.

Tautvydas hakuwa na ubaya siku ile. Alimshika mzee begani, akasema kwa upole, "Mzee wangu, usichukie. Hamira yako imekwisha. Imwage, uanze upya na ya dukani."

Fikirieni mtu aliyepika miaka sitini bila kumuuliza mtu, kisha anaambiwa na watu sita anaowaheshimu, wenye vyeti, kwamba ameoza. Hakubisha. Asubuhi yake alichukua gudulia la bibi yake, akalimwaga nyuma ya banda kwenye magugu ya kuwasha, akalisuuza, akalifunika. Apolonija alimwona dirishani. Alimuuliza anafanya nini. Alijibu, "Nasafisha."

Kisha akavaa lile koti na kuanza kutembea. Aliingia kila nyumba ambayo bia yake iliwahi kunywewa. Aliomba msamaha. Aliuliza kama kuna aliyeumwa tumbo kwenye harusi ya mwaka fulani. Aliuliza kama marehemu fulani alilalamika. Nyumba thelathini! Na nyinyi mliokunywa bia ile mkaimba mpaka sauti zikakauka, mlijibu nini? Mlisema, "Yamepita, mzee." Hivyo tu. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba bia yako ilikuwa tamu. Mliona aibu kupingana na wenye vyeti. Virgilija anasema baba yake alirudi akamwambia mama yake, "Nimeuliza kote, Apolonija. Hakuna aliyekana."

Akaenda pia kwa wale kumi na wanne. Aliwaomba wamwage hamira aliyowapa, isije ikawachafulia vyombo. Kisha alimuuliza kila mmoja swali moja: umemwaga? Kila mmoja alijibu: nimemwaga.

Na sasa niwaambie kilichotokea siku tatu baada ya shindano. Jumatatu iliyopita mmoja wa majaji, Danguolė Vaitonytė, alikuja hapa studio. Hakukaa. Alisimama pale mlangoni na kofia yake mkononi, akasema kila kitu bila kupumzika.

Siku tatu baada ya shindano, majaji wale sita walikuwa wanafungua mirija waliyokodi ili wairudishe. Wakafungua mrija wa namba saba. Ndani yake kulikuwa na ukungu wa zamani, mweusi, mnene kama ulimi. Haukuoshwa. Hakuna aliyeuangalia kabla. Pipa la mzee lilikuwa bado nusu. Wakachota kwa jagi, moja kwa moja kutoka pipani.

"Ilikuwa bia nzuri kuliko zote nilizowahi kuonja," alisema Danguolė. "Tukainywa yote. Sisi sita, mpaka tone la mwisho, na hakuna aliyeongea."

Narudia, kwa sababu watu watakuja kusema hawakusikia vizuri. Bia namba saba haikuwa na kasoro. Mrija ndio uliooza. Hamira ya Ipolitas Jukna ilikuwa nzima. Na watu sita walijua, siku tatu baadaye.

Walikubaliana kumwambia wakati wa Pasaka, halafu wakati wa mavuno. Halafu wakasikia kwamba ameshamwaga gudulia, na ikawa ngumu zaidi, kwa sababu sasa kumwambia ukweli ni kumwambia kwamba amemwaga kitu kizima. Danguolė anasema alifika mara mbili hadi kwenye lango la Užubaliai. Mara ya pili mzee alimwona, akamwita ndani, akamlaumu kwa kupungua mwili. Alimpa jibini aende nayo nyumbani. Akarudi na jibini na hajasema.

Miaka mitano mzee Ipolitas hakupika. Mjukuu wake alipoolewa walimbembeleza, akasema, "Niwape watu uchafu siku kama hii?" Wakanunua bia za makopo. Alikaa pembeni akimimina makopo kwenye jagi la udongo ili angalau meza ionekane kama meza. Jumatano aliacha kunyoa.

Alikufa asubuhi, akiwa anavaa soksi. Na siku ya maziko, wasikilizaji wapendwa, mtu aliyepikia bia misiba ya nusu ya wilaya hii alizikwa kwa makopo. Nilikuwepo. Nililifungua kopo langu, na kwa mlio ule linaoutoa likifunguliwa, huku kanisa liko ng'ambo ya barabara, nilitamani niingie kwenye kaburi lile mimi.

Danguolė alimweleza Apolonija ukweli siku ile ile, jikoni, kati ya sahani. Apolonija hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Nani bado anayo?"

Kwa sababu anawajua watu. Miaka hamsini na mitano ya kukaa na bia inamfundisha mtu. Anajua kwamba mpishi aliyepata hamira kama ile hawezi kuimwaga kwa kuambiwa. Kumi na wanne walisema nimemwaga, na angalau mmoja alikuwa anamwangalia mzee machoni huku chupa iko kwenye friji nyuma yake.

Danguolė naye ni mmoja wa wale kumi na wanne; ya kwake ilikufa friji yake ilipoharibika, ameapa mbele yangu na namwamini. Tautvydas, naye mmoja wao, nilimpigia. Nilimuuliza wazi. Nilisikia mbwa akibweka kwao, kisha akasema hamira ikikaa miaka mitano kwa mtu mwingine inabadilika, si ya mzee tena, ni vigumu kueleza. Nikamwambia anieleze. Akasema atafikiri. Tautvydas, nilikujua ukiwa na nywele ndefu. Mtu ambaye hana kitu hasemi atafikiri.

Apolonija anataka kitu kimoja. Siku ya misa ya wiki nne anataka kuweka mezani bia ya mume wake, yenyewe, ili wale wa nyumba thelathini wainywe na waone walichomnyamazia. Kimea anacho. Virgilija amekata matawi ya mreteni ya kuchujia bia. Tanuri litawashwa Jumamosi alfajiri, maana bia inahitaji wiki moja pipani. Ikipita Jumamosi, imepita. Leo ni Alhamisi.

Kwa familia ya Jukna, kwako mama Apolonija na kwako Virgilija, kituo hiki kinatoa pole. Pole hiyo ina deni la aibu ndani yake na hatulifichi. Nilisoma hewani kwamba bia ya mume wako inafaa kuoshea madirisha. Hewani leo nasema: nilisoma uongo, na nilichekesha watu kwa uongo huo, na sikuuliza. Mwenyezi Mungu amweke mzee mahali penye dirisha zuri.

Na nyinyi mnaosikiliza, tafakarini, lakini msikae mkitafakari. Kutafakari ndiko tulikofanya miaka mitano. Wa nyumba thelathini: mwende Užubaliai leo, mumwambie mjane yale ambayo mumewe alikuja kuyasikia kwenu. Mseme bia ilikuwa tamu. Mseme lini na kwenye harusi ya nani.

Na wewe uliyesema nimemwaga na hukumwaga. Haijalishi kama imebaki kijiko kimoja chini ya chupa. Haijalishi kama umeipa jina jingine. Hatuulizi kwa nini, hilo utamweleza yeye. Ifunge kwa kitambaa isipate baridi, uishike kifuani, uipeleke kwa mikono yako mwenyewe, usimtume mtu. Mlango wa jikoni uko upande wa kisima. Mwisho ni kesho, Ijumaa, saa sita mchana. Inuka sasa hivi, wakati bado nasema. Fungua friji.