Wakonyo, Aliyeweka Jina Lake Kwenye Mfuko wa Unga

Mimi ni Mary Ann, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake. Wanaonijua wanajua sina ulimi laini, kwa hivyo walionichagua walijua wanachotafuta. Maandishi haya yalibadilishwa Jumanne jioni kabla ya kupelekwa kuchapishwa, na sababu yake mtaisikia tukifika huko.

Eunice Wakonyo alizaliwa tarehe 2 Juni 1961 huko Othaya, Nyeri, mtoto wa kwanza wa marehemu Kagwe na marehemu Wamboi. Mwaka wa 1968 wazazi wetu walihamia Trans-Nzoia wakapata shamba hapa Kiminini. Katika safari ile yote, jambo alilolikumbuka maisha yake yote ni kuku wa mama waliomtoroka pale Nakuru, na jinsi baba alivyokataa lori lisimame.

Alisoma shule ya msingi papa hapa Kiminini, akamaliza darasa la saba mwaka wa 1975. Sekondari aliiacha akiwa kidato cha pili, baba alipougua na shamba likakosa mtu wa kulisimamia. Shuleni alipenda hesabu na kubishana na walimu. Hesabu ilimsaidia baadaye, na kubishana hakuacha hata siku moja.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na Wachira Mathenge, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kim na Wamboi. Wachira ni mtu mpole. Nadhani nyumba ile isingeweza kubeba watu wawili wa aina ya dada yangu.

Mwaka wa 1991 alianza kuuza mahindi kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, sokoni Kitale. Mwaka wa 2004 alifungua kinu cha kusaga, kwenye kiwanja alichopewa na Mzee Hiram Mathenge, kaka mkubwa wa Wachira na mzee wa kanisa letu. Kisha mwaka wa 2012 akaanza kupakia unga wake mwenyewe, kwenye mifuko iliyoandikwa kwa rangi ya buluu: Unga wa Wakonyo. Watu walimcheka. Walizoea unga wa makampuni makubwa, wakauliza nani atanunua unga wenye jina la jirani.

Aliwajibu kwa chupa. Mkulima akileta mahindi, Wakonyo alichota kidogo, akayatia kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, akaifunga na kuitikisa hapo mlangoni, mbele ya kila aliyekuwepo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana maji, na mahindi yenye maji huota ukungu. Hayo hakuyanunua. Siku moja yaliyogandisha chumvi yalikuwa ya Wachira mwenyewe, kutoka shamba lao. Wachira aliyarudisha nyumbani kwa mkokoteni huku majirani wakimuuliza kama amefukuzwa. Habari hiyo ilifika hadi Chwele, ikapandisha mauzo kuliko tangazo lolote la redio. Wenye maduka wa Tongaren wakaanza kuuagiza unga kwa jina. Mama wa hoteli kule Kipsongo, Jepkemboi, alikataa kupikia wateja wake unga mwingine.

Sasa nifike pale ambapo wengi wenu mnangoja, na wengine mnaomba nipite.

Novemba ya 2021 mvua ilinyesha wakati wa mavuno bila kupumzika. Wiki moja, Mzee Hiram alifika kinuni na mahindi yake, akiwa ameandamana na mchungaji na wazee wenzake wa kanisa. Wakonyo alishika chupa, kisha akairudisha chini. Kumtikisia chupa shemeji mkubwa, mbele ya wazee wenzake, kwenye kiwanja alichompa yeye mwenyewe, kungekuwa kumwita mwongo hadharani. Alimheshimu, akayapokea mahindi. Wiki hiyohiyo alipokea pia mahindi ya Bethwel Cheruiyot, mkulima wa Kaptama, kule juu mlimani, na ya Bethwel aliyatikisa kama kawaida. Yalikuwa makavu.

Wa kwanza kurudi alikuwa Jepkemboi. "Mama Kim, ugali yako leo ni chungu," alisema. "Watu wangu wameacha kwa sahani." Wakonyo alipika papo hapo, akaonja, akatema. Jioni ikaja habari kwamba watoto wawili wa familia moja ya Chwele wamepelekwa hospitalini kwa maumivu ya tumbo.

Watoto wale walipona, tunamshukuru Mungu, na hakuna daktari aliyewahi kusema ni unga. Wakonyo angeweza kunyamaza. Wachira alimsihi anyamaze, auondoe unga polepole madukani, na kama ni hasara, basi angalau wapewe nguruwe.

"Na nguruwe ataliwa na nani?" Wakonyo akamuuliza.

Siku ya soko alikodisha pikapu yenye spika, ile inayozunguka ikiuza dawa ya panya, akaenda Chwele. Nilikuwa nimekaa kando yake. Alishika maikrofoni akasema, "Mimi ndiye Wakonyo wa unga. Unga wangu wa wiki hii ni mbaya. Msile. Rudisheni, hata kama umebaki nusu, mtapewa mwingine." Watu wakasongea gari, na sikupenda jinsi walivyokuwa wakisonga. Dereva aliwasha injini. Mzee mmoja aligonga boneti kwa bakora, akasema, "Mama, tuambie nani arikuuzia hiyo mahindi."

"Wewe hukununua kwake," Wakonyo alimjibu. "Ulinunua kwangu. Jina kwa mfuko ni langu."

Mifuko ilirudi, akaichoma yote nyuma ya kinu. Kisha ukaja ukimya. Mlango ulikuwa wazi, mashine imefagiliwa, na yeye amekaa kwenye kiti akingoja watu ambao hawakuja. Aliyevunja ukimya huo ni Jepkemboi tena. "Nipime tu, Mama Kim," alisema. "Hao wengine hawajawahi kuniambia ati unga yao ni mbaya. Na si siku zingine huwa ni mbaya?" Kutoka kwa hoteli yake neno likasambaa Kipsongo, na wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja.

Jina la Wakonyo likapona. La Bethwel halikupona. Pikapu yake ilikuwa imeonekana kinuni wiki ile, na watu walikuwa tayari kuamini lolote juu ya mtu wa mlimani. Wenye vinu wengine wa Kitale waliacha kununua kwake. Wakonyo aliwaambia wote kwamba si Bethwel, akaendelea kununua mahindi yake mbele ya macho yao. Lakini kila aliposema si yeye, waliuliza, basi ni nani? Hapo alinyamaza. Niligombana naye kwa sababu hiyo, tena kwa sauti. Nilimwambia anamlinda mtu wa kiti cha mbele kanisani kwa mgongo wa mtu asiye na kosa. Alinijibu, "Nikimtaja, watu watasema Wakonyo ametafuta wa kubeba makosa yake. Na hawatakosea. Chupa ilikuwa mkononi mwangu." Sikukubali. Hata leo sikubali, na nampenda hivyohivyo.

Februari 2024 alianza kushindwa kumeza. Madaktari wa Eldoret walikuta saratani ya koo. Alipokea matibabu kwa moyo mkubwa, lakini iliniuma sana kuona mwanamke aliyelisha watu wa kaunti mbili akiwa hawezi kumeza tonge moja la ugali. Januari mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani. Mzee Hiram alikuja kumwona, wakakaa wawili peke yao, naye akaondoka bila kuaga mtu. Wakonyo alitutoka Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, asubuhi, Wachira akiwa amemshika mkono.

Jumanne tulikuwa kwenye kikao cha mazishi hapa nyumbani. Maandishi yangu ya kwanza yalikuwa mafupi, kwa sababu kikao kilikuwa kimeamua ya 2021 yasitajwe. Wakati tukizungumza, Bethwel Cheruiyot aliingia na pikapu yake, ameleta magunia ya mahindi ya kulisha waombolezaji. Kijana mmoja wa kamati, simtaji, alimsimamisha getini. Alisema mahindi hayo yasishushwe, kwamba watu wakijua yametoka wapi hawatakula, na jina la marehemu litachafuka kaburini. Bethwel hakubishana. Alirudi kwenye usukani. Wachira alikuwa analia, na sisi wengine tukatazama chini, hata mimi na mdomo wangu huu.

Mzee Hiram alisimama. Ilimchukua muda kufika getini, maana magoti yake si mazuri.

"Shusheni," alisema. "Mahindi mabaya yalikuwa yangu. Nilijua yana maji, nikawaleta wazee ili asinipime. Huyu mtu hakufanya kitu."

Akaendelea, "Nilipokwenda kumwona, aliniambia neno moja tu. Alisema, 'Mimi siwezi kulisema, shemeji. Wewe bado unaweza.' Sikulisema akiwa hai." Kisha akanigeukia mimi. "Mary Ann, liandike. Jina langu uliweke kama yeye alivyoliweka lake kwenye mfuko, bila kulifunika."

Nimeliweka. Nilikuwa nimemkasirikia kwa miaka zaidi ya mitatu na hasira haijaisha yote, lakini nilimshika mkono tukarudi naye kwenye viti. Ugali mtakaokula leo baada ya mazishi ni wa mahindi ya Bethwel. Aliyeyasaga ni Kim, kwenye kinu cha mama yake.

Marehemu ameacha mume, Wachira Mathenge. Watoto, Kim na Wamboi, pamoja na wajukuu wanne. Dada yake, Mary Ann. Shemeji yake, Mzee Hiram Mathenge, aliyeleta mahindi ya Novemba 2021. Rafiki yake, Jepkemboi wa Kipsongo. Na Bethwel Cheruiyot wa Kaptama, mkulima wake, ambaye hakuwa na kosa.

Lala kwa amani, dada. Limesemwa, na si wewe uliyelisema.