Blanketi la Visu: Maisha ya Nodinokwe Ursula wa Mto wa Mvua

Baba padri, wazee wa ukoo, ndugu, na majirani wa ng'ambo zote mbili za mto, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi Filomena, binti wa mwisho wa marehemu, ili niwasomee maisha ya mama yetu tangu alipozaliwa mpaka alipotutoka, na kabla sijaanza nawaomba wale mnaotazama mlangoni mgeuze macho yenu huku mbele. Ndiyo, vipipa ni viwili, vyote vimejaa, kimoja kimetoka kwenye ngome ya Malkia wa Waingereza kaskazini ya mto na kingine kimetoka kwa wafanyabiashara Wamarekani wa kusini, na vimeletwa eti kama rambirambi. Mjomba Namé, mdogo wake marehemu, ameniuliza asubuhi hii, "Mwanangu, hivyo vinafunguliwa saa ngapi?" nami nikamjibu, "Mjomba, ngoja kwanza nisome." Basi tungoje wote.

Marehemu Nodinokwe, ambaye kwa ubatizo aliitwa Ursula, alizaliwa tarehe 22 Machi 1798, katika kambi ya sukari iliyo juu ya maporomoko, wakati ukoo mzima ulikuwa ukichemsha utomvu wa miti uwe sukari, akiwa mtoto wa pili wa mzee Ogaa na mkewe Wabanokwe. Tarehe hiyo ni ya padri aliyembatiza ukubwani, yeye mwenyewe alipoulizwa alisema tu kwamba alizaliwa theluji ilipoanza kulainika, na hakuona kwa nini mtu atake kujua zaidi ya hapo.

Kuhusu elimu, shule haikuwepo, ila mwaka 1808 mzee Ogaa alimpeleka ngomeni kusaidia jikoni, na huko alijifunza Kifaransa kwa wapiga makasia, na Kiingereza kwa mpishi mmoja Mskoti aliyekuwa akimtukana kutwa, kiasi kwamba mama yetu alijua matusi ya Kiingereza kabla hajajua kuomba chumvi. Elimu yake nyingine aliipata kwa bibi yake, nayo ndiyo iliyomtawala maisha yote. Mnajua jinsi biashara ilivyofunguliwa kila majira ya kuchipua, watu wakiteremka na ngozi zao za biva, yule mnyama wa mtoni mwenye manyoya mazito, kabla hata ngozi moja haijapimwa mfanyabiashara hutoa kipipa cha ramu bure, anakiita zawadi, na wanaume wakikizunguka wanawake huanza kazi yao, wanapita na blanketi kwa kila mmoja na kukusanya visu, mashoka na bunduki, wanavibeba mpaka msituni na kuvificha mpaka vichwa viwe vyepesi tena. Hakuna mwanamume aliyeona aibu kutoa kisu chake, hata mkuu wa ukoo alitoa, tena alitoa wa kwanza. Bibi alipozeeka alimkabidhi mama yetu blanketi lake, lile jeupe lenye mstari mweusi, akamwambia, "Usibague mtu, mwanangu. Palipofunguliwa chupa, wote ni walevi watarajiwa."

Tarehe 9 Julai 1817 marehemu aliolewa na baba yetu, Toussaint Bellehumeur, mpiga kasia aliyekuja na mitumbwi kutoka mashariki na hakutaka kurudi, wakaishi kwa mila ya huku mpaka padri alipopita na kuwabariki mwaka 1822. Walijaliwa watoto watano, tuliobaki ni mimi na dada yangu Josette, aliyekaa hapo kichwani pa marehemu. Baba alifariki tarehe 30 Agosti 1838 kwa ngiri, ugonjwa wa wabeba mizigo, akiwa na furushi la ngozi mgongoni ambalo halikuwa lake, na ngome ilituma kuuliza kama lile furushi limelowa.

Sasa nafika kwenye tarehe 4 Juni 1829, na nawaomba radhi, sauti yangu itapanda. Siku ile kipipa kilifunguliwa kama kawaida, mama akapita na blanketi lake, akachukua kila kisu, kikiwemo cha kaka yake Pezhik, aliyekuwa mtegaji hodari kuliko wote mtoni na ambaye kwa sababu hiyo kila kampuni ilimtaka awe wake. Mama alipokuwa msituni akivificha, karani mmoja wa kaskazini alisikia kwamba Pezhik anafikiria kuvuka kwa Wamarekani, akaja mbio kumbembeleza, akampa kipipa cha pili na juu yake kisu kipya chenye mpini mwekundu. Karani yule alikuwa amekaa huku miaka, aliujua utaratibu wetu vizuri, ila zawadi bila kisu aliiona ndogo. Jioni ile shemeji yake Pezhik, ndugu wa mkewe, mtu aliyempenda, aliyelala naye hema moja na kula naye sufuria moja, alikichukua kile kisu kwa ajili ya neno ambalo hata yeye hakulikumbuka kesho yake, na mjomba wangu akafa kando ya moto.

Na wakubwa wa kampuni walifanya nini, ndugu zangu? Walikuja wa pande zote mbili, maiti ikiwa bado iko chini, wakaanza kugombana juu yake ni pombe ya nani iliyokuwa tumboni mwake. Wa kaskazini akasema, "Hii ni wiski ya Wamarekani, ramu yetu haimfanyi mtu hivi." Wa kusini akasema, "Wiski gani? Nusa mwenyewe!" Mama yetu alisimama katikati yao na damu ya kaka yake kwenye mikono, akawaambia, "Nyie endeleeni kunusa, mimi nimzike." Mla nawe hafi nawe, wahenga walisema, na hao walikula ngozi zetu miaka yote.

Mwaka uliofuata marehemu aliingia kazi ya ukalimani, akawatafsiria wakuu wetu mbele ya wafanyabiashara wa pande zote, na aliifanya kazi hiyo mpaka alipougua, kwa sababu, alisema, amechoka kuletewa uongo na mtu mwingine, bora ausikie wa moto kutoka kinywani. Kwa miaka hiyo yote hoja ilikuwa moja. Wa kusini walilalamika hadi Washington kwamba watu wa Malkia wanavusha ramu mpakani na kuharibu Wahindi wa Marekani, ndivyo wanavyotuita sisi, wa kaskazini walilalamika hadi London kwamba wao wanamwaga ramu kwa sababu tu Wamarekani wanamwaga wiski, kila upande ulikuwa na sheria ya kuikataza na kila upande ulikuwa unangoja mwenzake aitii kwanza. Mama alikuwa akisema wanafanana na majirani wawili wanaotupiana takataka uani, kila mmoja anaapa atafagia mwenzake akishafagia. Sisi ndio tulikuwa uani.

Ndipo tarehe 6 Juni 1843 ukaitishwa mkutano kwenye kile kisiwa cha katikati ya mto, ili pasiwe kwa huyu wala kwa yule, akaja mjumbe wa Malkia amevaa koti refu na akaja afisa wa Rais na upanga wake kiunoni, na wakuu wetu wakakaa chini na kiko chao, na mama yetu katikati akitafsiri tangu asubuhi. Nilikuwepo, nilikuwa msichana mkubwa, niliona kwa macho yangu. Walibishana kuhusu meza ielekee wapi, walibishana bendera ya nani iwe upande wa maji, mkuu wetu wa zamani akamuuliza mama, "Binti yangu, wameshafika kwenye pombe?" mama akamjibu, "Bado, baba, wako kwenye meza." Lakini mwishowe walifika, na mchana ule waliandika kwamba hakuna tone la ramu wala wiski litakaloletwa mtoni tena na upande wowote, wakatia sahihi, na mama alipowatafsiria wazee yale maneno alilia mbele za watu, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada. Kwa ajili ya Pezhik, alisema. Kwa ajili ya watoto wake.

Basi sikilizeni. Wino haujakauka, mjumbe wa Malkia akapiga makofi, mtumishi akaleta chupa na bilauri, ili waheshimiwa wanywe kusherehekea kukomeshwa kwa pombe. Mnacheka. Chekeni, ila mama yetu hakucheka, alitazama chupa ikifunguliwa, akavua blanketi mabegani, akaenda kwenye ile meza na kuanza kukusanya. Alichukua kisu cha kuchongea kalamu, akachukua bastola ya katibu iliyokuwa juu ya kiti, mjumbe wa Malkia akacheka kidogo, halafu mama akamfikia afisa wa Rais na kushika upanga wake. Afisa akaruka, "Mwanamke huyu anataka nini?" na mama akamjibu kwa Kiingereza chake cha jikoni, kwa upole kabisa, "Mmefungua chupa, bwana. Chupa ikifunguliwa mimi nakusanya visu. Kesho utapewa."

Ee bwana wee! Afisa akasema bendera yake imetukanwa, akasema hii ni hila ya Waingereza kumnyang'anya silaha mbele ya Wahindi, mjumbe wa Malkia akasema hatasingiziwa na mtu asiyejua kukaa mezani, meza iliyowachukua asubuhi nzima kuielekeza ikapinduliwa kwa mguu, na mkataba ukachanika vipande viwili, kila mmoja akaondoka na chake. Barua za suala la upanga zilivuka bahari miaka mitatu, nani aombe radhi, kwa maneno gani, na wakati barua zinaandikwa vipipa viliendelea kuja, vingi kuliko zamani.

Na hapa nataka tuelewane, kwa sababu wako watu, na baadhi yenu mmekaa humu ndani mkila samaki wetu na mpunga wetu wa ziwani, mliosema miaka kumi na mitatu kwamba Nodinokwe ndiye aliyeharibu mkataba. Mlisema angeweza kuwaacha waungwana wanywe mara moja tu. Nilimuuliza mwenyewe, nikamwambia, "Mama, si ungefumba macho kidogo?" akanijibu, "Kisu kile kimoja nilichokikosa kilimuua kaka yangu. Kwa nini nikose kingine kwa sababu mwenyewe ana vifungo vya shaba?" Alifanya kazi aliyofundishwa, bila kubagua, na watu ambao hawawezi kukaa mchana mmoja bila chupa, hata siku ya kuikataa chupa, hawakuwa na mkataba wa kuharibiwa. Anayesema vingine tena, asiseme kwa mdomo wenye chakula chetu.

Tarehe 17 Septemba 1849, wakati wa kuvuna mpunga, kaka yangu Ambroise, kifungua mimba wa marehemu, alipewa wiski ng'ambo ya kusini kwa kupeleka ngozi zake huko, akapewa ramu ng'ambo ya kaskazini ili asirudi tena kusini, na mtumbwi wake ukaonekana kwenye matete bila yeye. Pande zote mbili zilituma watu kutuambia kwamba amelewea upande wa pili. Baada ya hapo mama hakuongea na mfanyabiashara yeyote isipokuwa kazini, na maneno yao aliyatafsiri bila kuwatazama.

Marehemu alianza kuugua kifua mwezi wa Februari mwaka huu wa 1856, akapata nafuu kiangazi, akazidiwa tena majani yalipoanguka, na alifariki tarehe 3 Novemba alfajiri, nyumbani kwake, dada Josette akiwa amemshika. Siku moja kabla alituita, akatuambia, "Msinizike kwa ramu. Mkinizika kwa ramu nitarudi, na safari hii sitakusanya visu, nitawakusanya nyie." Alikuwa anacheka akisema hivyo, lakini alituapisha, mimi na Josette, na tuliapa.

Tunamshukuru daktari wa ngome aliyekuja kumwona na kumwandikia vijiko vya brandi kwa kifua, mama alimtemea, daktari hakukasirika, Mungu ambariki. Tunawashukuru majirani walioleta kuni, samaki na sukari, kina mama waliomwosha, wazee waliolinda moto, na wakalimani wenzake waliokuja kutoka Ziwa la Misitu kwa miguu kwenye theluji. Tunawashukuru pia wafanyabiashara wa pande zote mbili kwa rambirambi zao, ambazo wajumbe wao wamezileta asubuhi hii na kuanza kugombana mlangoni kwetu kipipa cha nani kikae kulia na cha nani kikae kushoto, mpaka Josette akawaambia maiti inawasikia.

Mjomba Namé, uliuliza saa ngapi. Tukitoka makaburini, vijana wa ukoo watakichukua kipipa cha kaskazini na kukipeleka kusini, na cha kusini watakipeleka kaskazini, na kila upande utanywa rambirambi ya mwenzake, kwa salamu za familia. Visu vyao watabaki navyo viunoni. Hakuna atakayepita kuvikusanya, kwa sababu blanketi jeupe lenye mstari mweusi ndilo tulilomfunga nalo, na linashuka naye leo.

Pumzika sasa, Mama, kwa amani waliyoshindwa kuiandika. Visu vyetu tutavichunga wenyewe.