Kibao Namba Kumi na Saba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mji, Bwana Mhifadhi Mkuu, wenye hoteli, ndugu wageni waalikwa, nanyi wenzangu wa langoni mnaoniita Mama Lango: wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Nimeambiwa niseme machache, nile keki, nikapumzike. Bwana Mhifadhi amenisifu kwamba kwa miaka ishirini na sita, katika mji huu mtulivu wenye bahari mbele na hifadhi pande zote tatu, sijapoteza mgeni hata mmoja. Mmepiga makofi. Naomba myarudishe.

Utaratibu wetu mnaujua. Anayeingia msituni hutundika kibao chenye namba pale langoni, akitoka hukiondoa. Saa kumi nahesabu, na kibao kikibaki, askari wanaingia kutafuta. Nani kati yenu asiyejua kuwa kuondoa kibao cha mtu ambaye hujamwona ni mwiko?

Miaka tisa iliyopita, siku ya harusi ya mdogo wangu, gari lilikuwa likinipigia honi na namba kumi na saba bado inaning'inia. Ilikuwa ya mwalimu mmoja mpole, aliyekuja kupumzika na mkewe. Nikajiambia, huyu katokea njia ya ufukweni, wageni kwa kusahau hawajambo. Nikakiondoa, nikaenda zangu kucheza.

Asubuhi mkewe akaja. "Dada, mume wangu alitoka?"

"Alitoka," nikamjibu. "Kibao si hakipo?"

Basi hakuna aliyeingia kumtafuta, na mji mzima ukanong'ona kwamba bwana kamkimbia mke.

Tangu hapo, ndugu zangu, kila ikifika saa kumi ndege hunyamaza, nami hukikuta kibao kile kwenye msumari wake, kimelowa. Nimekitupa baharini, nimekichoma jikoni kwangu, kesho yake kipo. Jana nilimwonyesha binti atakayeshika nafasi yangu. "Uzee huo, Mama Lango," akacheka, akakigusa. Hajacheka tena.

Yule mama yupo hapa, kiti cha mbele, mnampa tuzo ya mgeni mwaminifu kwa kuja kila mwaka. Mnadhani anafuata upepo? Anachungulia kila mgahawa akimtafuta mume aliyemwacha. Mwaka jana aliniuliza, "Dada, nilimkosea nini?" Nikajifanya namimina chai.

Dada yangu, hukumkosea kitu. Hakukuacha. Hakutoka msituni, na mimi ndiye niliyewazuia wasimtafute. Naona aibu mbele yako. Bwana Mhifadhi, zawadi yangu ya kustaafu kaeni nayo, nipeni askari tuingie leo hii.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia hadi hapa. Dada, kama bado unaweza kunishika mkono, twende.